Kabla Hujajaza Gesi: Kuutafuta Ugonjwa wa Mashine ya Hewa ya Ndani

Neno la kwanza ninalopokelewa nalo mlangoni, karibu kila nyumba, ni lilelile: "Fundi, gesi imeisha." Mashine ya kiyoyozi haipoozi, au inadondosha maji, au imeota barafu, na hukumu imeshatolewa kabla sijautua mkoba. Nimeifanya kazi hii miaka ya kutosha kulisema hili bila kusita: mara nyingi gesi ipo. Kinachokosekana ni hewa, au maji yamekosa njia ya kutokea.

Gesi ya kupoza haiungui ikaisha kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inatoka mashine ya nje inakwenda ya ndani na kurudi, mwaka nenda mwaka rudi. Ikipungua, kuna tundu mahali. Anayekujazia bila kulitafuta hilo tundu amekununulia wiki chache tu, na kama gesi haikuwa imepungua kabisa, amekuongezea ugonjwa wa pili.

Ninayozungumzia hapa ni mashine ya ndani: lile kasha la bati linalokaa darini, kabatini au stoo, lenye feni, koili (mabomba yanayopitisha gesi, yaliyovikwa vibapa vyembamba vya kupozea hewa), filta na trei ya maji, linalosukuma hewa vyumbani kupitia mifereji. Siku za joto linapoza, siku za baridi linapasha. Mashine ndogo za ukutani zina viungo vilevile kwa udogo wake, kwa hiyo mengi ya humu yanazihusu. Zile zinazopasha kwa kuchoma gesi ya kupikia au mafuta zina hatari ya hewa ya sumu upande wa moto, na upande huo siugusi.

Jambo moja kabla hujashika bisibisi. Zima breka, ile swichi ya kukata umeme kwenye boksi la umeme, usiridhike na kuzima kidhibiti cha ukutani. Mashine nyingi zina breka mbili kwa upande wa ndani pekee, moja ya feni na nyingine ya vipasha joto, na mashine ya nje ina yake. Hata baada ya kuzima zote, kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme wa kusaidia mota, hubaki na umeme ndani yake wa kukurusha nyuma. Kama huna kipimo cha umeme au hujazoea kukitumia, kaa kwenye filta, trei, bomba la maji, matundu ya hewa na mifereji. Usidhani umeachiwa kazi ndogo. Huko ndiko nyumba nyingi zinakoponea.

Hewa inatoka dhaifu

Anzia hapa hata kama lalamiko lako ni jingine, maana hewa dhaifu ndiyo mama wa magonjwa mengi yanayofuata.

Chomoa filta uinyanyue kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya sawasawa, irudishe. Ukiona kitambaa cha kijivu kilichoshikana kama blanketi kuukuu, umeshampata mtuhumiwa wa kwanza. Filta nyembamba, ya sentimita 2.5, hudumu mwezi 1 hadi miezi 3. Nyumba yenye paka au mbwa, au iliyo kando ya barabara ya vumbi, haifiki huko. Zile nene za sentimita 10 zinaweza kwenda miezi 6 na zaidi. Kalenda ikukumbushe tu, jicho ndilo liamue. Za wavu wa plastiki huoshwa, zikakaushwa kabisa, zikarudishwa. Za karatasi hutupwa. Na unapoweka mpya, tafuta mshale kwenye ukingo wa fremu: unatakiwa kuelekea hewa inakokwenda, yaani upande wa feni.

Kuna nyumba moja iliyonifundisha swali ninalouliza kila mahali siku hizi. Mama mwenye nyumba alikuwa mwangalifu kuliko wateja wangu wengi. Filta alibadilisha kila mwezi, na tarehe aliiandika kwa kalamu kwenye fremu. Hata hivyo chumba cha mwisho hakikupata hewa, na mafundi wawili walikwisha kuongeza gesi. Nilifungua kifuniko cha mashine, nikaingiza vidole kwenye mwanya ulio chini ya koili, nikagusa kitu laini kama manyoya. Ilikuwa filta ya pili. Aliyefunga mashine aliiweka humo, baadaye ikaja grili ya ukutani yenye filta yake, na ile ya ndani ikasahaulika. Nilipoivuta ilikatika vipande viwili kwa uzito wa vumbi. Mama aliitazama pale sakafuni kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa hiyo gesi niliyoilipia, mwanangu, ilikwenda wapi?" Ilikuwa imo humo humo, juu ya gesi iliyokuwa inatosha tangu mwanzo, na ikabidi nikae saa nzima nikiipunguza hadi kipimo chake. Kwa hiyo uliza, au tafuta mwenyewe: filta ziko ngapi, na kila moja iko wapi?

Jambo lingine linalobana hewa ni filta nzuri kupita kiasi. Filta hupimwa kwa kipimo kinachoitwa MERV; namba ikipanda, inanasa chembe ndogo zaidi. MERV 8 inatosha kabisa kuilinda mashine. MERV 13 inanasa hata chembe za moshi, lakini ukiishindilia kwenye nafasi ya sentimita 2.5 kwa feni ya zamani, ni kama kumwambia mtu akimbie huku amefungwa kitambaa kizito mdomoni. Kama nyumbani kuna mwenye pumu na unaihitaji filta hiyo, mwambie fundi apanue nafasi ili ikae ile nene. Uso wake uliokunjwa kunjwa ni mpana, hewa inapita kwa raha.

Filta ni safi na hewa bado dhaifu? Zima breka, fungua mlango wa feni, mulika tochi kwenye gurudumu lake. Vibawa vyake vimepinda kama vijiko, na ule mkunjo ndio unaochota hewa. Vumbi likijaa kwenye mkunjo, kijiko kinakuwa bapa, na bapa halichoti kitu. Gurudumu linazunguka kwa kasi ileile, mota inasikika nzima, hewa haiji. Kwangua kibawa kwa ukucha. Kama unachimba vumbi kabla hujagusa chuma, gurudumu linahitaji kutolewa na kuoshwa nje. Usilioshe likiwa ndani: maji yataingia kwenye mota, na uchafu utakaobaki upande mmoja utalifanya litetemeke mpaka liharibu beringi.

Aina ya mota nayo inabadilisha dalili. Mota ya kizamani, inayotegemea kapasita, njia ikiziba husukuma hewa kidogo na utaihisi mapema. Mota za kisasa zinazojirekebisha kasi hupambana: zinaongeza nguvu, zinakula umeme zaidi, mlio unapanda, na hewa inaendelea kuja karibu kama kawaida hadi siku zinapozidiwa. Ukiwa na mashine ya namna hii, mlio kuwa mkubwa kuliko mwezi uliopita uuchukulie kama ungechukulia hewa dhaifu.

Chumba kimoja tu kikiwa dhaifu na vingine viko sawa, iache mashine, panda darini. Utakuta mfereji laini umekunjwa, umekandamizwa na sanduku, au umechomoka kwenye kiungo na unapoza dari. Viungo hufungwa kwa mkanda wa foili au gundi nzito ya mifereji. Mkanda wa kitambaa hukauka kwa joto la darini na kuachia. Na ile tabia ya kufunga matundu ya vyumba visivyotumika ili kuokoa umeme, naomba iachwe. Feni na koili vilipimwa kwa matundu yote. Ukiyafunga, hewa inayopita kwenye koili inapungua, na kinachofuata ni barafu.

Barafu imeota

Koili ikifanya kazi vizuri hukaa nyuzi chache juu ya 0, kwa sababu hewa ya nyumba inaipelekea joto muda wote. Hewa ikipungua, joto halifiki, koili inashuka chini ya 0 na unyevu unaganda juu yake. Barafu nayo inaziba njia ya hewa iliyobaki, barafu inazaa barafu, hadi unafungua kasha unakuta gogo jeupe.

Ugumu ni kwamba gesi ikipungua huleta barafu hiyohiyo. Shinikizo ndani ya koili linashuka, na joto lake linashuka nalo. Ndiyo maana barafu peke yake haimtaji mkosaji. Hewa ikiwa ndiyo chanzo, mara nyingi inatanda koili nzima. Gesi ikiwa ndiyo chanzo, mara nyingi inaanzia kona moja, pale gesi inapoingilia. Lakini uthibitisho wenyewe unakuja baada ya kuyeyusha.

Zima kupoza, acha feni ikizunguka peke yake. Inaweza kuchukua saa 3, inaweza kuchukua siku nzima. Tandika taulo, maana trei itapokea maji mengi kuliko ilivyozoea. Usichokoe barafu kwa kisu wala bisibisi: vibapa vya koili ni alumini laini, na nyuma yake kuna bomba jembamba ambalo ukilitoboa, hapo sasa kweli gesi imeisha. Na usiendelee kuipozesha nyumba kwa mashine iliyoganda eti "itayeyuka yenyewe". Gesi isiyopata joto la kuichemsha inarudi kwenye kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, ikiwa bado kimiminika, na kompresa imeundwa kugandamiza mvuke. Hivyo ndivyo filta chafu inavyoua kiungo cha bei kubwa kuliko vyote.

Barafu ikishaisha, kagua kwa mpangilio: filta, matundu, gurudumu la feni, kisha uso wa koili. Angalia upande ambako hewa inaingilia, ambao mara nyingi ni wa chini na umejificha. Huko ndiko vumbi hushikana likiwa limelowa. Brashi laini, kwa kufuata mistari ya vibapa na kamwe si kuikata, kisha povu la kusafishia koili. Washa tena. Kama kila kitu ni safi, hewa inavuma kwa nguvu, na barafu imerudi, sasa una haki ya kuishuku gesi.

Kuna mtego mmoja wa kuukumbuka. Mashine nyingi za nyumbani hazikuundwa kupoza wakati nje kuna baridi. Ukiwasha kupoza usiku nje kukiwa chini ya nyuzi 15 hivi, koili inaweza kuganda bila kiungo chochote kuwa kibovu.

Hewa ina nguvu ila haina baridi

Tafuta kipimajoto cha kawaida. Acha mashine ipoze dakika 15 bila kukatika, kisha pima hewa kwenye grili inakovutwa na kwenye tundu la kutolea lililo karibu na mashine. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi ni afya. Siku yenye unyevu mwingi hewani itapungua kidogo, maana nguvu nyingine inatumika kugeuza mvuke kuwa maji.

Tofauti ikiwa kubwa, 12 na kuendelea, usifurahi. Hewa ni chache na inakaa mno kwenye koili. Rudi kule mwanzo. Tofauti ikiwa nzuri na nyumba bado ina joto, mashine inatimiza wajibu wake, joto linaingia kwa njia nyingine: madirisha, dari isiyo na kizuizi cha joto, au mifereji inayovuja. Tofauti ikiwa ndogo, toka nje. Je, mashine ya nje inazunguka? Koili yake imejaa majani na vumbi? Mfereji wa kurudisha hewa nao umepasuka darini, unavuta hewa ya moto badala ya hewa ya nyumba? Huo wa mwisho wengi hawaufikirii, na umenipotezea siku nzima zaidi ya mara moja.

Kisha shika mabomba mawili ya shaba yanayoingia kwenye kasha. Lile nene, lililovikwa sponji, ukiligusa pale sponji inapoishia linatakiwa liwe baridi na lenye jasho, kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Lile jembamba liwe vuguvugu. Kama mashine ya nje inanguruma na bomba nene halina baridi ya maana, ugonjwa uko kwenye gesi au kompresa, na hilo ni la fundi mwenye geji za kupimia shinikizo la gesi.

Maji sakafuni, maji kwenye dari

Siku yenye unyevu, mashine ya nyumba nzima inaweza kukamua lita 20 na zaidi kutoka hewani. Maji hayo yanatiririka juu ya vibapa, yanaanguka kwenye trei, yanatoka kwa bomba la plastiki lenye upana wa vidole viwili. Gizani, penye vumbi na unyevu, humo huota ute wa kijani au wa kahawia unaofanana na mlenda. Ndio unaoziba.

Tafuta mdomo wa bomba upande wa nje. Siku ya joto mashine ikifanya kazi na mdomo ni mkavu, maji yako yanakwenda pengine. Funga kifyonza vumbi cha kuvuta maji kwenye mdomo huo, ziba kiungo kwa kitambaa kilicholowa, vuta dakika 2 au 3. Mara ya kwanza utashangaa kinachotoka. Halafu nenda ndani, mimina lita 1 ya maji kwenye trei taratibu, mtu mwingine asimame nje. Maji yakitoka yote bila kusita, mimina kikombe cha siki kwenye tundu la kusafishia bomba, kaa nusu saa, suuza kwa maji. Fanya hivyo kila miezi michache katika msimu wa kupoza. Dawa ya klorini ya kufulia inakula chuma cha trei na koili, kwa hiyo mimi siitumii. Na usije ukaichanganya na siki hata siku moja, maana mchanganyiko wake unatoa gesi ya klorini, na kichwa chako kiko ndani ya kabati.

Bomba likiwa wazi na maji bado yanamwagika, tazama trapu, ile kona yenye umbo la U kama ya chini ya sinki. Hapa ndipo hata mafundi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye mashine nyingi feni iko baada ya koili, kwa hiyo inanyonya. Inanyonya hewa kupitia koili, na ikipata nafasi inanyonya pia kupitia bomba la maji. Trapu ikiwa na maji, maji yale ni kizibo. Trapu isipokuwepo, au ikikauka, hewa inapanda bombani na kuyazuia maji yasishuke. Yanajaa kwenye trei, mengine yanarushwa na feni ndani ya kasha, kisha feni ikizima yanaporomoka yote kwa pamoja. Dalili yake huwezi kuichanganya na nyingine: mlio wa kugugumia kwenye bomba mashine ikiwa imewaka, na maji kumiminika dakika moja baada ya kuzima. Hata usafishe bomba kila wiki, halitapona hadi trapu iwekwe, yenye kina cha kutosha. Kama ipo na imekauka baada ya miezi ya baridi, ijaze maji msimu wa joto unapoanza.

Yaliyobaki ni mepesi. Trei ya bati yenye kutu hutoboka. Pitisha kidole chini yake. Kasha likilala upande usio na bomba, maji yanakwenda huko. Weka pima maji juu yake. Bomba lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kulegea katikati kama kamba ya nguo. Jasho nje ya mfereji au nje ya bomba nene ni sponji iliyochanika, halihusiani na trei. Na kama maji yalikuja kwa ghafla mchana mmoja kisha yakakoma, huenda lilikuwa gogo la barafu likiyeyuka. Rudi kwenye sehemu ya barafu.

Mashine ikikaa juu ya dari, hakikisha ina swichi ya boya kwenye trei. Maji yakipanda, boya linanyanyuka na kukata mashine kabla dari haijalowa. Nimeona swichi hizo zikiunganishwa moja kwa moja kwa kipande cha waya ili "mashine isikatike katike". Tafadhali usikubali. Mashine inayokatika kwa sababu ya boya inakuambia bomba limeziba.

Kimya kabisa

Betri za kidhibiti cha ukutani kwanza. Kisha breka: ikiwa imeanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, kuna waya unaogusana au mota iliyokwama, na kuirudisha mara ya tatu ni kuutafuta moto. Kisha mlango wa kasha: nyuma yake kuna kiswichi kidogo, na usipobana vizuri baada ya kubadilisha filta, mashine haiwaki. Kisha boya, ambalo tumeshalizungumza.

Vyote vikiwa sawa, kwenye bodi ya umeme ndani ya kasha kuna fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5, inayofanana na ya gari. Inalinda transfoma inayotoa volti 24 za kuongoza mfumo. Ikiungua, usiishie kuibadilisha. Fuata ule waya mwembamba unaokwenda mashine ya nje. Mara kwa mara nakuta umetafunwa na panya au umekatwa na mashine ya kufyekea majani.

Feni ikinguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kwa kijiti inaondoka, kapasita imechoka. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani, na volti zisipungue. Feni ikiwa nzito hata kwa mkono, ni beringi.

Siku za baridi, hewa ni vuguvugu

Kwanza hakikisha kuna tatizo. Mashine ya kupasha kwa kugeuza mzunguko wa gesi hutoa hewa ya nyuzi 32 hadi 40 hivi. Ngozi ya mkono ina joto linalokaribiana na hilo, kwa hiyo ukiweka mkono kwenye tundu utasema ni baridi wakati nyumba inapata joto polepole. Tumia kipimajoto, mkono utakudanganya. Angalia pia kitufe cha feni: kikiwa ON, feni inapuliza hata wakati hakuna joto linalotengenezwa. Weka AUTO. Ushauri huohuo unafaa siku za unyevu, maana feni ikiendelea baada ya kupoza kukoma hukausha maji ya koili na kuyarudisha chumbani, ndiyo maana nyumba nyingine zina baridi na bado zinanata.

Kama kila baada ya saa moja hivi hewa inakuwa baridi kweli kwa dakika chache, kisha inarudi, mashine ya nje inajiyeyusha barafu. Wakati huo vipasha joto vya umeme ndani ya kasha vinatakiwa kuziba pengo. Unapohisi baridi, ujue havikuwaka: breka yake imezimwa, au kidhibiti hakivipi amri, au waya wake umeungua. Fundi apime. Kipasha cha kilowati 10 kwenye volti 240 kinavuta zaidi ya ampea 40, na kwa mkondo huo skrubu moja iliyolegea inapata moto hadi plastiki ya waya inageuka kahawia. Kila ukaguzi wa mwaka, mwombe akaze skrubu hizo breka ikiwa imezimwa. Ni kazi ya dakika 5 na nimeona makasha yaliyoungua kwa kukosa hiyo.

Harufu na kelele

Harufu ya vumbi linaloungua, siku ya kwanza ya kupasha, huisha ndani ya saa moja. Ikiendelea, au ikinuka plastiki au samaki aliyeharibika, zima breka, ni waya. Harufu ya soksi zilizovundia ni kuvu na bakteria kwenye koili na trei. Osha vyote viwili, manukato hayatibu. Harufu ya mzoga ni mzoga, tafuta kwenye mifereji.

Kelele ya bati ni skrubu za mlango. Kukwaruza kwa chuma ni gurudumu la feni limesogea kwenye mhimili na linagusa kasha. Zima mara moja, maana litajikata. Mlio mkali wa kupiga yowe ni beringi, au mkanda kwenye mashine za zamani. Mluzi kwenye grili ni hewa inayobanwa, na umesharudi kwenye filta.

Ikithibitika kwamba gesi imepungua

Umekagua yote na geji ya fundi imesema gesi ni pungufu. Sawa. Sasa mwulize atalitafutaje tundu. Kazi sahihi ni kukusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, kujaza naitrojeni kwa shinikizo, kupita na povu la sabuni kwenye viungo na kona za koili hadi vipovu vionekane, kuchomelea, kuvuta hewa yote kwa pampu, ndipo kujaza. Asiiachie hewani. Kilo 1 ya R-410A, moja ya gesi hizi za kupoza, inapasha dunia sawa na takriban kilo 2,000 za kaboni dioksidi, na R-32, aina nyingine ya gesi hizo, inaweza kushika moto ikijikusanya mahali padogo penye cheche. Kama mfumo wako ni wa zamani na unatumia R-22, gesi hiyo inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Nchi zilizoendelea zilisitisha karibu uzalishaji wake wote kufikia mwaka 2020. Tundu kwenye koili ya mfumo kama huo ni wakati wa kupiga hesabu ya mashine mpya kabla hujatoa fedha ya kuchomelea.

Na akijaza, ajaze kwa mizani. Uzito kamili umeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kwa kilo na gramu, pamoja na kiasi cha kuongeza mabomba yakiwa marefu kuliko kawaida. Soma kibandiko hicho pamoja naye, na baada ya dakika 15 za kupoza, pima tena ile tofauti ya nyuzi kwa kipimajoto chako.